Barua Mkononi mwa Baba

Zakaria anajua kusoma. Msomaji mwenye haraka hulipita jambo hili, lakini ndilo linalofungua mlango wa maafa yote katika Rosa Mistika, riwaya ya Kezilahabi. Zakaria alikuwa mwalimu kabla pombe haijamtoa kazini, kwa hiyo barua ambayo kijana Charles amemwandikia binti yake inapomwangukia mikononi, hana haja ya kumtafuta mtu wa kumsomea. Anaisoma mwenyewe, anaelewa kila neno, kisha anampiga Rosa kipigo ambacho hakitamtoka mwilini. Baba asiyejua kusoma angebaki na karatasi na shaka yake. Angeipeleka kwa jirani au kwa katekista, na njiani hasira ingepoa, mama akapata nafasi ya kutia neno. Kezilahabi aliuziba mwanya huo mapema, tena kwa kitu ambacho miaka ile ya mwanzo wa uhuru kila mtu alikisifu: elimu. Msomi wa nyumba ndiye anayemwumiza binti aliyeandikiwa.

Ufundi wa namna hii haujitangazi. Kwa miaka mingi mazungumzo kuhusu riwaya hii yamekwenda kwingine. Ilipotoka mwaka 1971 iliwashtua wengi, ikazuiwa shuleni, na baadaye ikaruhusiwa na kusomwa na vizazi vya wanafunzi. Walioilaumu walitaja mapenzi, kutoa mimba na kujiua. Walioitetea walitaja hayo hayo, wakasema jamii lazima ijitazame. Pande zote mbili zilikuwa na hoja, lakini zilikitazama kitabu kama ushahidi wa kupeleka barazani. Mimi ningependa tukitazame kama kazi ya mikono. Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Namagondo kisiwani Ukerewe, alikuwa na miaka ishirini na saba kilipochapishwa, na alikuwa amekiandika akiwa bado mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kijana wa umri huo, tena mwanamume, alijuaje kumjenga binti kiasi hiki?

Jibu langu ni kwamba hakuanza na binti. Alianza na nyumba. Aliiweka Namagondo, kijiji chake mwenyewe, mahali ambapo alijua nani anaamka mapema na nani anarudi usiku akiimba. Kabla hatujajua Rosa anataka nini maishani, tumekwisha kujua nani analima, nani anakunywa, nani akisikika anakohoa mlangoni watoto hunyamaza. Tunajua kwamba fedha ya ada haina usalama katika nyumba yenye mlevi. Tunamwona Regina, mama yake, akifanya kazi ya watu wawili na kula aibu ya watu wawili. Tunawaona wadogo zake wakijifunza tabia ya nyumba kwa kumtazama dada yao mkubwa. Rosa anapofanya jambo la kwanza la hiari yake, tayari tumeshamjua kwa kazi alizotwishwa. Mwandishi hajatuambia kwamba ni mpole, mtiifu au mwoga. Tumeyaona hayo katika nafasi aliyokalishwa.

Hata jina lake ni mzigo aliovishwa. Rosa Mistika ni mojawapo ya majina ambayo Wakatoliki humwitia Bikira Maria katika litania. Binti wa kijijini amepewa sifa ya usafi kabla hajajua usafi ni nini, na kitabu kizima kitampima kwa kipimo hicho. Mwandishi mwingine angelieleza jambo hilo katika aya ndefu. Kezilahabi analiacha juu ya jalada na kuendelea na kazi yake.

Jambo ninalolistaajabia kuliko yote ni uvumilivu wake katika kuiandika hofu. Mwandishi wa kawaida, akishamaliza tukio la kipigo, angemgeuza binti kuwa muasi katika sura inayofuata, kwa sababu tunapenda kisasi na tunakitaka upesi. Kezilahabi anafanya kinyume. Rosa anatii. Anatii kupita kiasi. Anapofika Rosary, shule ya bweni ya wasichana, anawaogopa wanaume kama mtu aliyewahi kuungua anavyouogopa moto, na wenzake wanamcheka. Sisi wasomaji tunaanza kumwonea huruma kwa utii wake wenyewe. Baba hayupo pale, lakini mkono wake upo. Na hofu hiyo inapovunjika, haivunjwi na tamaa. Inavunjwa na uchovu wa kuwa tofauti, na aibu ya kuwa msichana peke yake asiyejua kusimama mbele ya mwanamume na kuzungumza naye kama mtu. Baba alitaka kumlinda kwa kumtisha. Kitisho kilimnyima mazoezi ya kukataa.

Hilo la mazoezi linastahili kukaliwa kidogo. Msichana anayeruhusiwa kusalimiana na vijana mbele ya wazazi, kutaniwa, kupewa barua ya kitoto na kuirarua akicheka, hujifunza polepole ni yupi wa kuaminiwa na ni yupi wa kukimbiwa. Rosa hakupewa muda huo. Anapokutana na Deogratias, mtu mzima mwenye cheo na fedha, hana chochote cha kumpimia. Kezilahabi hamhubirii msomaji juu ya hili. Amelipanga tu: kipigo, kisha hofu, kisha kicheko cha wenzake, kisha mtu mwenye cheo. Ukiondoa hatua moja, nyingine zinaanguka. Watu wanaosema kwamba Rosa aliharibika ghafla hawajaisoma riwaya kwa utaratibu ilioandikiwa.

Kisha anakwenda Morogoro kusomea ualimu, na huko anayemkosea ni mkuu wa chuo mwenyewe. Tunamrudia tena mwalimu! Baba mwalimu, mkuu wa chuo mwalimu, na Rosa mwenyewe anaandaliwa kuwa mwalimu. Mtu aliyesoma sana anaweza kuona hapa lawama kwa taasisi nzima, na pengine ipo. Mimi naona zaidi jinsi mwandishi anavyotumia tena kifaa alichokiweka mezani tangu mwanzo. Hakuongeza mnyanyasaji wa aina mpya kutoka nje ya hadithi.

Halafu kuna Charles. Yule kijana aliyeandika barua iliyozaa kipigo ndiye anayerudi mwishoni akiwa mchumba. Rosa amekwisha kubadilika, ameacha maisha ya zamani, anafanya kazi yake. Charles anataka kujua kama mchumba wake bado ni bikira. Rosa anamwambia ukweli, Charles anaondoka, na Rosa anajiua. Mkono ule ule uliomwandikia ndio unaomwacha. Huu ni usanifu wa hali ya juu: mtu aliyepigwa kwa ajili ya barua ya Charles, akapotea kwa sababu ya kipigo hicho, anahukumiwa na Charles kwa kupotea. Zakaria na Charles hawajawahi kukubaliana juu ya lolote, lakini wanashikilia kipimo kimoja, na binti ndiye anayelala kwenye mizani.

Lugha yenyewe inasaidia. Sentensi za Kezilahabi ni fupi na hazina mapambo. Alikulia kando ya ziwa ambalo wengine wangelipamba kurasa nzima, lakini hapotezi muda kulisifu. Katika matukio mazito anazidi kuwa mkavu. Anasema kilichotokea na kuondoka. Nimewahi kusikia watu wakiuita ukavu huo upungufu wa ujana. Siamini hivyo. Mwandishi aliyekuja kutoa Kichomi mwaka 1974, diwani iliyovunja vina na mizani na kuzua ugomvi mkubwa katika ushairi wa Kiswahili, alijua vizuri kabisa ni lini aachie neno peke yake.

Sasa nataka kuichukua riwaya hii na kuipandisha hadi Berega.

Berega ipo Kilosa, katika vilima vya Ukaguru, si mbali na barabara kuu inayotoka Morogoro kwenda Dodoma. Wengi wanaijua kwa hospitali yake ya Kanisa Anglikana, inayohudumia vijiji vingi vya upande huo. Rosa wa riwayani, alipokuwa chuoni Morogoro, alikuwa safari ya saa chache tu kutoka hapo. Lakini kwa habari ya ukoo alikuwa mbali sana. Wakaguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa watu wa mama yake. Baba ana heshima na ana haki zake, ila nyuma ya kila mtoto amesimama mjomba, kaka wa mama, ambaye kwa desturi ana sauti katika ndoa ya mpwa wake na fungu katika mahari yake. Binti akivunja ungo, wanawake wakubwa humweka ndani na kumfunda kwa nyimbo na mafumbo, naye hutoka akiwa mwali anayejua ni wa ukoo gani na ana deni kwa nani.

Mtu aliyelelewa katika hesabu hiyo akiisoma sura ya kipigo, swali lake la kwanza haliwezi kuwa la msomaji wa Namagondo. Atauliza: mjomba yuko wapi? Binti anapigwa hivi, na watu wa mama yake hawajaja?

Swali hilo limenifanya niione riwaya upya. Ukilishika na kuzipitia kurasa nalo, unagundua upweke wa Regina ulivyojengwa. Regina ni mke aliye kwa wanaume wa ukoo mwingine, na hakuna anayefika kutoka kwao akagonga mlango na kumwambia Zakaria basi, inatosha. Nguvu yote ya nyumba imekusanywa katika mwili wa mtu mmoja, na mtu huyo ni mlevi. Katika hadithi ya Ukaguru nguvu hiyo ingekuwa imegawanywa, na mwandishi angelazimika kutafuta njia nyingine ya kumfikisha binti shimoni. Namagondo ilimpa Kezilahabi nyumba yenye mlango mmoja. Aliutumia mlango huo kikamilifu.

Sitaki kumpamba mjomba. Thomas Beidelman, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyefanya utafiti Ukaguru miaka ya mwisho ya ukoloni, alieleza kwa kirefu jinsi baba na wajomba walivyovutana juu ya watoto, kila upande ukitafuta utii wao na faida yao. Mjomba anaweza kumwuza mpwa kwa ng'ombe kama baba anavyoweza kumwuza binti. Ninachosema ni kwamba kwenye mvutano binti hupata upenyo. Akifukuzwa huku ana pa kukimbilia kule.

Kitabu cha Beidelman kuhusu Wakaguru kama watu wa ukoo wa mama kilitoka mwaka 1971, mwaka ule ule wa Rosa Mistika. Na mwaka huo huo Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Ndoa. Kifungu cha 13 kiliweka umri wa kuoa kwa mwanamume kuwa miaka 18, na wa kuolewa kwa msichana kuwa 15. Kifungu cha 17 kilimtaka msichana wa chini ya miaka 18 apate ridhaa ya baba yake, na baba akiwa amekufa, ya mama, na kama wote hawapo, ya mlezi. Mjomba hakutajwa kwa cheo chake. Kwa kalamu moja Ukaguru iliwekwa katika nyumba ya Zakaria. Ilichukua hadi mwaka 2016 kwa Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, kutamka kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo Oktoba 2019. Sheria inaandika ridhaa ya baba kwa mstari mmoja. Riwaya ya mwaka huo huo ilikuwa imeshaonyesha ridhaa hiyo ikinuka pombe. Ndiyo maana siipunguzii hadhi riwaya kwa kuiita hadithi tu.

Karatasi iliyoandikwa, msichana, na mwanamume wa nyumba aliyeikuta: mpangilio huu unarudi katika kitabu kingine ninachokipenda, Afterlives cha Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, kilichotoka mwaka 2020, mwaka mmoja kabla hajapewa Tuzo ya Nobel. Afiya ni yatima. Kaka yake Ilyas anamkuta akitumikishwa katika nyumba ya watu waliomchukua, anamtoa, anakaa naye mjini na kumfundisha kusoma na kuandika. Kisha Ilyas anajiunga na askari wa Wajerumani na kumrudisha kijijini kwa watu wale wale. Mlezi anapogundua kwamba msichana anajua kuandika, anampiga na kumvunja mkono. Kosa lake si barua ya mvulana. Ni ujuzi wenyewe.

Lakini tazama Gurnah anavyoigeuza karatasi. Afiya anaandika ujumbe mfupi wa kuomba msaada, ujumbe unasafiri kwa mikono ya watu hadi kwa Khalifa, rafiki wa kaka yake, naye anakuja kumchukua. Kilichomponza ndicho kilichomwokoa. Rosa alipokea maandishi na hakupata nafasi ya kuyajibu, na Afiya aliyatuma. Baadaye, akiwa mtu mzima, Afiya anapelekewa karatasi nyingine: Hamza, kijana aliyerudi kutoka vitani akiwa na majeraha, anamtafsiria beti za Schiller kutoka Kijerumani. Hakuna anayeinyang'anya. Sura hiyo ni tulivu sana, na msomaji anayekumbuka mkono uliovunjwa anajua utulivu ule umegharimu nini. Gurnah hamkumbushi. Amemwamini.

Ukiviweka vitabu hivi viwili pamoja unaona kwamba kinachotofautisha hatima za wasichana hawa si ushujaa. Rosa hakuwa dhaifu kuliko Afiya. Tofauti ni nani yupo nje ya nyumba akingoja kusikia. Afiya alikuwa na Khalifa, mtu asiye ndugu yake kwa damu, aliyefanya kazi ambayo Ukaguru ingemwachia mjomba. Waandishi wote wawili walijua kwamba utu wa msichana hauko ndani ya kifua chake peke yake. Umetawanyika kwa watu wanaoweza kuitwa, au wanaokosekana wanapoitwa. Kuandika hivyo kunahitaji kumjua kila mtu wa nyumba, hata yule atakayesema maneno mawili tu.

Berega yenyewe ina hadithi ya aina hii ambayo sijaiona ikiandikwa kama riwaya. Pale pamekuwa na kituo kinachopokea watoto wachanga ambao mama zao wamefariki, wengi wakati wa kujifungua. Mtoto haji peke yake. Huja na binti wa ukoo, pengine dada yake, pengine mtoto wa mama mkubwa au mama mdogo, msichana ambaye naye bado hajakomaa. Binti hukaa na mtoto, humlisha, humwogesha, hulala naye, mpaka mtoto awe na nguvu za kurudi kijijini, na anaporudi ana mtu anayemjua kwa harufu na sauti. Ni utaratibu wenye hekima kubwa, kwa sababu unamlinda mtoto asikatwe kutoka kwa watu wake. Kitaalamu ni utaratibu wa malezi ya mtoto mchanga. Kwa macho ya mwandishi wa riwaya, mtu wa kutazamwa ni yule binti.

Ana umri wa Rosa alipopigwa, au anaukaribia. Amefiwa na mama yake, au mama mkubwa au mama mdogo, na hajapewa muda wa kulia kwa sababu kuna kinywa kinachotaka maziwa. Anakuwa mama kabla ya kuwa mwali, au mara tu baada ya kufundwa. Anakutana na wasichana wenzake kutoka vijiji vingine, kila mmoja na mtoto wa marehemu wake, na bila shaka usiku wanaambiana mambo. Anajifunza vipimo vya maziwa na dalili za homa, ujuzi ambao kwao hakuna mwingine mwenye nao. Akirudi atakuwa na mamlaka ambayo umri wake haukumpa. Je, shule aliyoiacha itampokea? Mchumba, kama yupo, atamwonaje msichana aliyerudi na mtoto mgongoni ambaye si wake lakini anamwita mama? Na siku mjomba na baba wa mtoto watakapokaa kuzungumza mtoto ni wa nani, atakaribishwa kwenye kikao, au ataambiwa alete maji?

Atakayeiandika riwaya hiyo atashawishika kuanza na kifo cha mama, kwa sababu kina machozi tayari. Ningemsihi ajizuie kama Kezilahabi alivyojizuia. Ajue kwanza shamba la nani limebaki bila mpaliliaji binti alipoondoka. Ajue nauli ilitoka mfukoni mwa nani, upande wa mama au upande wa baba, na nani aligoma kutoa. Aijue simu iliyopo katika familia hiyo inashikwa na nani, maana siku hizi barua hupita humo, na wapo akina Zakaria wanaojua kuzifungua. Amjue bibi aliyekuwa na usemi wa mwisho. Kisha aandike kile kikao cha ukoo kilichofanyika baada ya mazishi, pale walipokuwepo wasichana watatu au wanne wa umri wa kwenda, na sababu iliyofanya macho yote yamgeukie huyu mmoja.